Jiwe Lina Mwenyewe

Habari ilimkuta Dobi mikono ikiwa majini mpaka kwenye viwiko. Mashine kubwa ya kufulia ya hospitali ilikuwa imegoma tangu juzi, kwa hiyo mashuka ya wodi zote yalifuliwa kwa mkono, katika yale mabeseni ya saruji yaliyojengwa enzi ambazo mashine haikuwapo na wafuaji walikuwa wengi. Siku hizi walikuwa wawili, na mwenzake yuko likizo. Alipoona kivuli cha muuguzi mrefu mlangoni, hakuinua hata kichwa. Alijua amekuja kudai mashuka.

"Hayajakauka," alisema. "Ukiweza kuniitia jua, niitie."

Muuguzi yule kwa kawaida alijibu mzaha kwa mzaha.  Leo aliingia mpaka ndani, akasimama na viatu vyake vyeupe kwenye sakafu yenye maji.

"Dada, toa mikono majini."

"Niitoe nifanye nini?"

"Itoe tu, ujifute. Ni Mzee."

"Mzee yuko kwenye benchi kwa daktari. Si nilikuachia wewe asubuhi? Si nilikwambia umpitishe mlango wa pembeni?"

"Nilimwita, dada yangu. Mungu ni shahidi, nilimwita. Akaniuliza kama hawa waliomtangulia nimeshawaita. Nikamwambia, Mzee, wewe ni baba wa mwenzetu, inuka twende. Akasema mbele yake kuna mama mwenye mtoto, na kuna kijana aliyevunjika mkono, na yeye hana haraka ya kwenda popote. Nikarudi ndani. Nilipotoka tena, yule kijana wa mkono ndiye aliyekuwa amemwegemeza begani. Nilidhani amelala."

Dobi alijifuta kwa aproni, mkono wa kulia kisha wa kushoto, taratibu, kama mtu anayejiandaa kula. Halafu akasema neno ambalo baadaye alimwomba Mungu amsamehe.

"Basi hata kufa kafia kwenye foleni."

Akaketi juu ya rundo la mashuka machafu, akacheka, na kicheko kikageuka katikati. Muuguzi mrefu akaketi naye palepale, viatu vyeupe na vyote, akamshika mgongo. Hakuna aliyeyatazama maji yaliyoendelea kufurika kutoka kwenye bomba.

Mtaani wachache walilijua jina ambalo baba yake alipewa na wazazi wake. Waliokuwa na heshima walimwita Mzee Zamu. Waliokuwa na kinyongo walimwita Zamu tu. Alikuwa meneja wa duka la umma katika miaka ile ambayo duka lilikuwa ndilo dunia, na neno alilolitamka kuliko yote maishani mwake ni hilo: zamu yako, zamu yake, si zamu yako bado.

Kabla ya hapo alikuwa mpagazi wa magunia katika duka hilohilo, lilipokuwa la tajiri mmoja. Lilikuwa na madirisha mawili. La mbele, lenye kivuli na kiti, lilikuwa la wenye nguo safi. La nyuma, kando ya mfereji wa maji machafu, lilikuwa la akina yeye. Huko unga ulipimwa kwa kikombe kilichobonyea kitako, na mtu alingoja mpaka wa mbele waishe, hata kama yeye ndiye aliyetangulia kufika. Mwenye nguvu mpishe, watu walisema, wakapisha.

Kisha ikaja serikali mpya. Dobi alikuwa bado hajazaliwa, lakini aliisikia hadithi hiyo mara nyingi hata akaona kama alikuwapo. Redio ilitangaza kwamba viwanda, mabenki na maduka makubwa sasa ni mali ya umma, kwamba nchi ni ya wafanyakazi na wakulima, kwamba hakuna tena bwana wala mtwana na wote ni ndugu. Watu walicheza barabarani mpaka viatu vikaachama. Mpagazi alipelekwa kozi, akafundishwa hesabu za ghala na maana ya ujamaa, akarudi na kalamu mfukoni. Siku yake ya kwanza kama Ndugu Meneja hakuuza kitu. Aliomba matofali na mwiko, akaliziba lile dirisha la nyuma kwa mikono yake. Kisha akazunguka, akafungua la mbele.

Miaka mingi baadaye, mageuzi yalipokwisha kupita na watoto shuleni wanafundishwa kwamba mambo yale yote yalikuwa makosa, Dobi alimuuliza huku akipiga pasi, "Baba, ule ujamaa wenu ulikuwa nini hasa?"

Mzee alifikiri, akakuna kidevu. "Ulikuwa dirisha moja," alisema. "Mkurugenzi, wewe na mama muuza mkaa, dirisha moja."

"Basi uliishia wapi?"

"Tulilifungua tena la nyuma. Msiwasingizie wageni. Sisi wenyewe tulilifungua, tukalitia na pazia."

Marehemu hasifiwi kwa uongo, na miaka ile nayo isisifiwe wala kutukanwa kwa uongo. Kulikuwa na mema. Zahanati ilijengwa mwisho wa mtaa, na kwenye chanjo mtu hakuulizwa baba yake ni nani. Mama yake Dobi, aliyekuwa haijui hata herufi a, alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, akiwa amemfunga Dobi mgongoni. Dobi mwenyewe alisoma mpaka kidato cha nne bila nyumba yao kuuza hata kuku. Kisha mvua zikakataa, viwanda vikakosa vipuri, na wakubwa wakakosa haya. Sabuni ikaadimika, sukari ikawa kama dawa, na kiwanda cha viatu kikatoa kiatu cha aina moja ambacho, watu waliapa, mguu wa kulia na wa kushoto ni mmoja. Hata kucheka kulikuwa na mipaka. Mwalimu mmoja wa mtaani alisema kwa mzaha kwamba usawa tumeupata kweli, kwa maana sote hatuna. Gari lilikuja kumchukua, na aliporudi baada ya muda mrefu hakutania tena. Siku alipochukuliwa, Mzee Zamu alipima unga kama kawaida na hakusema kitu. Hilo pia lilikuwa lake.

Lakini mambo ya Chama hayakumfanya amwache Mungu. Katibu wa tawi alipomwambia achague moja, alimjibu, "Ndugu Katibu, Mungu nampa Jumapili tu. Jumatatu mpaka Jumamosi nawapa ninyi. Nani kapunjwa hapo?" Kanisani nako watu walimtania kwamba mahubiri yanasema walio nyuma ndio watakaopelekwa mbele, je, yeye anapinga mahubiri? "Hiyo ni foleni ya mbinguni," alisema. "Hii ni ya sukari."

Na foleni ya sukari ilikuwa na mawe.

Hakuna ajuaye nani alianza. Mtu hawezi kusimama kutwa na kucha mbele ya duka akingoja lori ambalo huenda lisije, ana watoto, ana kazi. Kwa hiyo aliweka jiwe mahali pake akaenda zake. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na mtaa mzima uliyajua mawe kama unavyojua nyuso. Kulikuwa na jiwe jeupe mfano wa yai. Kulikuwa na kitako cha chungu, na jiwe bapa lenye ufa ambalo wenye nyumba walilirithisha wapangaji walipohama. La nyumbani kwa akina Dobi lilikuwa nusu tofali lenye rangi ya buluu upande mmoja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee Zamu aliwasahihisha wahenga: "Asiyekuwepo, jiwe lake lipo. Jiwe lina mwenyewe." Lori lilipokuja, watu walikimbia kutoka kila upande, kila mmoja akasimama juu ya jiwe lake, na foleni ikawa imekamilika kama iliyochorwa.

Siku moja dereva wa mkubwa fulani aliteremka kwenye gari jeusi, akayapiga mateke yale mawe ili gari lipite mpaka dirishani. Mzee Zamu alitoka, akayaokota moja moja, akayarudisha kila moja mahali pake, mbele ya watu. Halafu akamwinamia mkubwa kwenye kioo cha gari.

"Karibu, Ndugu. Jiwe lako ni lipi?"

"Mimi sina jiwe," mkubwa akasema.

"Basi yapo mengi pale mferejini. Chagua zuri."

Watu walicheka kwa pua, maana kwa mdomo ilikuwa hatari. Mwezi ule ule alihamishwa kwenye bohari ya mifagio, akakaa huko akihesabu mifagio mpaka mkubwa yule naye alipoanguka na meneja mpya wa duka alipokamatwa na magunia chini ya kitanda. Hapo alirudishwa, na mawe yalimpokea.

Kama hadithi ingeishia hapo, Dobi angemlilia baba yake kwa moyo mmoja.

Mama alikuwa amejifungua kitinda mimba, binti. Homa ikamshika, maziwa yakakauka. Mtoto alitakiwa anyweshwe maziwa ya kopo, na maziwa ya kopo yalikuja kwa lori kama vitu vyote. Lori likaja. Maboksi yalikuwa machache. Mama alisimama juu ya nusu tofali lake la buluu, mtoto kifuani, Dobi kamshika kanga, na foleni ikasogea. Asubuhi ile baba alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba hakuna atakayetangulia, awe nani. Watu walipomwona mkewe pale walitazamana, na wengine wakanong'onezana kwamba jungu kuu halikosi ukoko, mke wa meneja kwake hawezi kukosa. Kopo la mwisho lilichukuliwa na mama muuza mkaa, aliyesimama mbele yao. Baba alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaonyesha viganja vitupu. Kisha akafunga dirisha.

 Mama aliinama akaliokota tofali lake, akalibeba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, wakarudi nyumbani. Mtoto alifariki kabla ya lori jingine kuja. Daktari alisema ni mapafu, kwamba hata maziwa yasingesaidia. Huenda ni kweli. Mama hakugombana wala kuondoka. Ila tangu siku hiyo hakumwita tena mumewe baba nanihii, wala mume wangu. Alimwita Meneja. "Meneja, chakula tayari." "Meneja, maji yako ya kuoga." Mpaka anakata roho, miaka mingi baadaye, alimwambia, "Meneja, nifunike miguu." Na lile tofali alilitumia kuuzuia mlango wa jikoni usijifunge, na hakuna siku baba alilisogeza. Alipopita mlangoni alilizunguka.

Kaka yake Dobi alifika kwa basi siku ya pili, amevaa koti la mfanyabiashara, simu sikioni. Alimkumbatia dada yake, akaingia chumbani kumwona marehemu, akatoka akijipangusa uso.

"Sikiliza," alisema. "Tusijidanganye. Nimeongea na jamaa wana gari na vijana wanne. Wanachimba, wanabeba, wanafukia. Kesho asubuhi tunamaliza."

"Kuzikwa na watu wa kukodi?"

"Sasa atazikwa na nani? Dada, huyu alimnyima kila mtu mtaani kitu fulani. Harusi yangu mwenyewe watu walikunywa chai chungu, na ghala lina sukari! Mkono mtupu haulambwi. Yeye maisha yake yote alikuwa na mkono mtupu, tena kwa kujisifu. Unadhani watakuja kumshukuru kwa lipi?"

"Watu huzikana."

"Watu huzikana kwa kupeana. Wewe umempelekea habari nani mpaka sasa?"

"Mchungaji. Na nimewaambia majirani."

"Nani amekuja?"

Waliokuwa wamekuja ni mchungaji na muuguzi mrefu tu. Viti walivyoazima kanisani vilikuwa vimepangwa uani, na upepo ulikuwa unavikalia. Dirisha la fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara lilikuwa limefungwa. Kaka wa fundi yule ndiye aliyewahi kumpigia baba magoti kwa kipande cha sanda, akaambiwa angoje zamu.

"Nipe mpaka kesho mchana," Dobi alisema. "Wasipokuja, walete hao wako."

"Ya nini kujitesa hivyo?"

Alikuwa amechoka mno hata kueleza, lakini alieleza. "Kama hakuna atakayekuja, basi yale maziwa yalikwenda bure. Mdogo wetu alikwenda bure, na Mama alikaa na lile tofali bure. Nataka kujua."

Kaka aliitia simu mfukoni. Yeye siku ile ya maziwa alikuwa shuleni. "Haya," alisema. "Mpaka kesho mchana."

Asubuhi iliyofuata Dobi alikwenda hospitali kuchukua karatasi za baba, cheti na muhuri, maana mwili ulikwisha kuletwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani alipewa kiti na kuambiwa apite mbele ya wengine kwa kuwa amefiwa. Alishukuru, akabaki alipo. Hata yeye hakujua kwa nini. Miguu ilimuuma.

Aliporudi alikuta mlango wa ua uko wazi na njia ya kuingilia imekuwa pana ajabu. Ilimchukua muda kuelewa kilichokosekana.

Duka lilipouzwa wakati wa mageuzi, mwenye mali mpya aliweka vioo, na milango miwili kama zamani, mmoja wa wateja wa kawaida na mwingine wa wateja maalumu. Mawe yaliachwa barabarani, kila mtu akasahau lake kama mtu anavyosahau magongo akipona. Mzee Zamu aliazima toroli akayabeba yote. Aliyapanga nyumbani kwake pande mbili za njia, kutoka mlango wa ua mpaka barazani, na kila mwaka aliyapaka chokaa kidogo juu yasipotelee kwenye majani. Hakueleza na watoto hawakuuliza.

Sasa mawe yote yalikuwa lundo moja nje ya ua, karibu na jalala.

"Jeneza lisingepita," Kaka alisema. "Na viti vinahitaji nafasi. Nimewapa vijana wa barabarani senti wayatoe. Mbona umenikazia macho? Ni mawe, dada!"

Dobi hakuweza kugombana. Alikaa juu ya kizingiti, mkoba magotini. Alifikiri kwamba alichokifanya yule dereva wa gari jeusi, mwanawe mwenyewe amekifanya, na safari hii wa kuyarudisha kila moja mahali pake hayupo. Alisali sala fupi isiyo na maneno mengi: Bwana, nimechoka, wewe ndiye uliyebaki.

Aliyeingia kwanza alikuwa bibi mmoja aliyepinda mgongo, kucha zake nyeusi kwa mkaa uliokataa kutoka hata kwa uzee. Dobi alimtambua mara moja. Walikuwa wameishi mitaa miwili jirani maisha yao yote, na Mama Mkaa hakuwahi kukanyaga pale. Walipokutana njiani alivuka upande wa pili.

"Hodi," bibi alisema.

"Karibu, Mama."

"Nimekuja hapa ulipokaa, sijaingia ndani. Ukinifukuza nitaondoka." Alishusha pumzi. "Kopo la mwisho nilichukua mimi."

"Najua. Nilikuwapo. Nilishika kanga ya Mama."

"Nilitaka kumpa mama yako. Nakwambia kweli, nililigeuza mkononi. Na wa kwangu nyumbani alikuwa analia sauti ya paka. Sikumpa." Macho yake yalikuwa makavu. "Baba yako angeweza kunirusha. Mimi nilikuwa nani? Duka lolote jingine ningeambiwa mama wa mkaa rudi kesho. Nimemlaani na kumwombea, siku moja moja vyote viwili. Wa kwangu yule yuko makaburini tangu alfajiri, anachimba, na wenzake. Sikumtuma. Nilimwambia tu Mzee amefariki, akachukua sepetu."

Dobi alisogea kwenye kizingiti. "Keti, Mama. Utaanguka."

Wakaketi wawili, begani kwa bega, kama watu waliongojea kitu pamoja tangu zamani.

"Na mawe yetu nani kayatupa kule nje?" Mama Mkaa aliuliza baadaye. "Nimeliona langu limelala kifudifudi."

"Ni Kaka. Alitaka njia."

"Mwana wa meneja!" Bibi aliguna. "Angepata fimbo."

Akatoka kwa mwendo wake wa kobe, akainama kwenye lundo, akachomoa kitako cha chungu. Alikipangusa kwa kanga, akarudi nacho akakipakata. Alipoingia fundi bomba mzee, mwenye jiwe jeupe mfano wa yai, alimwona amepakata, akageuka bila kusalimia, akaenda kutafuta lake. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walikuja wajane wawili waliowahi kufagia sokoni. Akaja mwalimu yule wa mzaha, kipofu sasa, akiongozwa na mjukuu wake wa kike aliyekuwa mtu mzima, akapapasa lundo mpaka akalipata lenye ufa. Wengi walikuja kwa niaba ya wazazi waliokwisha kufa, wakiulizana, "Letu lilikuwa lipi? Lile lenye kona?" na wengine wakibishana kabisa.

"Hilo ni la kwetu!"

"La kwenu lilikuwa dogo, ndiyo maana mlikuwa mnakosa."

Haukuwa mtaa mzima. Viti vingine havikupata mtu, na dirisha la fundi cherehani halikufunguka siku ile wala Dobi hakumlaumu. Kaka alisimama barazani na simu yake mkononi, akiwatazama wazee wanavyochambua lundo alilolitupa. Mwishowe aliwapigia wale vijana wanne akawaambia wasije. Kisha akavua koti.

Walimbeba kwa mabega. Makaburi hayakuwa mbali, lakini wabebaji wengi walikuwa wazee, na kila mmoja alikuwa na jiwe mfukoni au kwapani, hivyo walikwenda pole na kupokezana mara nyingi. Dobi alikuwa nyuma kabisa. Dakika ya mwisho alirudi jikoni akalitoa lile nusu tofali chini ya mlango. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake.

Mchungaji alisema maneno machache. Alisema marehemu alikuwa mtu mgumu na mwenye haki, kwamba haki ikikosa huruma huumiza hata wa nyumbani, na kwamba Mungu peke yake ndiye mwenye vyote viwili, ndiyo maana tunamkabidhi. Watu waliitikia amina. Mwana wa Mama Mkaa na wenzake waliteremsha jeneza kwa kamba. Kaka aliomba sepetu, akafukia kwa nguvu mpaka shati likamganda mgongoni, na alipoambiwa ampishe mwingine alikataa kwanza, kisha akapisha.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, watu walijipanga. Fundi bomba alisema yeye siku zote alikuwa wa kwanza. "Wewe?" Mama Mkaa akamwambia. "Wewe ulikuwa unalala mpaka jua linakuchoma miguu. Nenda nyuma yangu." Palichekwa kidogo, pale pale kaburini, na hakuna aliyeona ni dhambi. Mmoja mmoja walipita, wakainama, wakaweka jiwe kuzunguka udongo mpya, wakasimama kidogo, wakaondoka.

"Familia ingepaswa kuanza," mchungaji alimnong'oneza Dobi.

"Watangulie tu, Mchungaji. Mimi niko huku."

Zamu yake ilipofika alipiga goti. Mzunguko ulikuwa umebakiza nafasi upande wa miguuni. Aliweka nusu tofali pale, upande wa buluu ukiangalia juu, akalisukuma kidogo lisilegee.

"Baba," alisema, "hili ni la Mama."

Kaka alimwinua kwa mkono. Mchungaji alianza wimbo, wakauimba beti mbili kwa sababu wazee walikuwa wamechoka kusimama. Kisha wachimbaji wakakung'uta udongo kwenye masepetu, na watu wakarudi nyumbani.